Spea Uliyoileta Kutoka Tarakea

Manka wangu,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Yako naijua, nimekuona asubuhi ukikunja zile nguo mbili ulizojishonea kwa mkono, ukazikunjua, ukazikunja tena kana kwamba zimekukosea. Yangu nayo unaijua, mgongo ule ule na kikohozi kile kile. Basi tuishie hapo. Umekwenda Uru kumuaga bibi yako, na jinsi ninavyomjua, hatakuachia mpaka umalize kiburu chote cha ndizi na maharage na yeye amalize maneno yote, kwa hiyo mchana huu wote ni wangu. Nimekaa mezani hapa sebuleni. Mvua inanyesha migombani, cherehani ya mama yako iko mbele yangu chini ya kitambaa chake cheupe, na ninaandika kwa penseli maana peni zote umeshazifungasha.

Sitakuambia uvae sweta ndani ya basi, wala usiongee na nani njiani. Una miaka ishirini na miwili. Isitoshe mama yako mdogo wa Kahama anaongea kuliko redio, hayo yote utaambiwa kabla hujashusha begi. Mimi nina jambo moja tu.

Spea uliyoileta kutoka Tarakea ilikuwa nzima. Haikuwa feki. Hukutapeliwa na mtu, wala hukuwa mjinga kama ulivyokuwa ukijiita miezi hii miwili. Aliyekudanganya ni mimi.

Nimeliweka juu kabisa kwa makusudi, maana najijua. Ningeanza na hadithi za babu yako, nikapita kwenye kahawa, nikazunguka mlima mzima, mwishoni karatasi ingekwisha sijasema. Sasa limeshasemwa. Ukitaka kuichana barua hii hapa hapa, ichane, una haki. Ukitaka kujua ilikuwaje, endelea.

Cherehani ile mama yako alikuja nayo hapa siku alipoolewa. Bibi yako alikuwa akifua na kupiga pasi kwa familia moja ya Kihindi iliyokuwa na duka la vitambaa mjini Moshi, na walipohama walimwachia. Watu walimcheka, eti kachukua chuma badala ya makochi. Mama yako akajifunzia hapo, miguu haijafika vizuri kwenye pedali. Nilipomuoa mimi nilikuwa fundi wa kutengeneza vyerehani, nina meza yangu kwenye baraza la duka mjini, na wenzangu walinitania kwamba nimeoa ili nisikose mteja. Lakini mashine ile haikuniletea kazi hata siku moja. Mama yako aliisafisha na kuipaka mafuta kila Jumamosi, tone moja kila tundu, akifuta lililozidi kwa ncha ya khanga, nayo ilishona. Sare za shule, mashuka, na magauni meupe ya komunio ya kwanza ambayo yalimpa jina Kibosho nzima. Wewe ulikuwa unalala chini ya meza yake. Usipoisikia ikilia ulikuwa unaamka.

Ulikuwa na miaka kumi ilipoacha kulia. Tulikuambia imeharibika. Watu huwa wanasema hivyo, imeharibika, kana kwamba kitu kimeamka chenyewe kikajiharibu.

Ilikuwa Desemba, Wachagga wote wamerudi nyumbani, barabara imejaa magari na kila kihamba, nyumba na migomba yake, kinanuka nyama. Mimi nilikuwa kilabuni. Yule bwana wa kihamba cha juu, anayefanya kazi Dar, akaja pale na wageni wake. Alikuwa na cherehani ya marehemu mama yake, ya aina ile ile ya mama yako, na mke wake alitaka waondoke nayo baada ya sikukuu. Ilikosa kile kichuma chembamba chenye ncha, kinachobeba uzi wa chini na kukimbia mbele na nyuma chini ya sindano. Bila hicho hakuna mshono. Akaniuliza mbele ya watu:

"Fundi, spea za mashine za zamani kama hizi bado zinapatikana kweli?"

Jibu la kweli lilikuwa hapana. Viwandani walishaacha kuzitengeneza kabla sijazaliwa, na kilichobaki ni kile kinachotolewa kwenye mashine zilizokufa. Nililijua jibu hilo. Lakini nilikuwa na mbege kichwani na watu wananitazama, nikasema:

"Kwangu mimi? Kwangu hakuna kinachokosekana."

Kesho yake nikaja nyumbani na bisibisi.

"Hicho unakitoa cha nini?" mama yako akaniuliza.

"Nakiazima. Wiki moja tu."

"Nina magauni sita ya komunio, Baba Manka."

"Wiki moja. Nitaleta kingine kizuri kuliko hiki."

Hakubishana. Alinitazama tu nikikifunga kwenye leso. Baada ya mwaka mpya gari la yule bwana likashuka mlimani likiwa na cherehani nyuma, na kichuma cha mama yako ndani yake. Baadaye nilikuja kusikia kwamba kule Dar hawajawahi kuitia hata uzi. Waliipaka vanishi, wakaiweka sebuleni, juu yake wakaweka maua ya plastiki. Kwa kweli sikucheka nilipoambiwa.

Nilitafuta kingine wiki ya kwanza na ya pili. Wiki ya tatu nikakipata kimoja dukani mjini, kipya, kinang'aa, cha kuigiza. Kwa macho kilifanana. Kwa mkono nilihisi kimezidi unene kidogo, unene wa ukucha, nikajiambia nitakifanyia kazi.

Hapa nikufundishe kitu cha ufundi, maana ndicho nilichokificha siku zote tulizokuwa tukifanya kazi pamoja. Spea mpya ikigoma kuingia kwenye mashine ya zamani, unaitia tupa ile mpya. Kidogo, unajaribu, unatoa, kidogo tena. Siku nzima ikibidi. Mashine yenyewe huigusi. Spea ukiikosea unatafuta nyingine. Lakini mashine ukiikwangua, kilichotoka kimetoka, na hakuna tupa inayorudisha chuma. Hilo nililifundishwa wiki yangu ya kwanza ya kazi.

Jumapili ile mama yako alikwenda misa ya kwanza na wewe. Nikakaa na tupa. Kile kichuma kipya kilikuwa kigumu mno, tupa inateleza juu yake kama kwenye kioo. Kengele ya misa ya pili ikalia, nikajua mko njiani mnarudi. Na mimi nilitaka mama yako akiingia mlangoni akute inashona. Nilitaka makofi, Manka. Basi nikageuza tupa, nikaanza kupanua mfereji wa ndani, ule ambamo kichuma kinakimbia, maana chuma cha mashine kilikuwa laini na kilikubali upesi. Kilikubali upesi mno. Tupa ikanitoroka mara mbili. Nilipokirudisha kile kichuma kikapita, kweli, lakini sasa kilichezacheza kama maji ya mfongo wa kumwagilia migomba ambao mtu amebomoa kingo zake. Sindano ikashuka, ikakigonga, ikakatika.

Mama yako akaingia na kitenge chake cha kanisani. Akaona vumbi la chuma juu ya kitambaa cheupe. Akagusa kwa kidole, akakiangalia kidole chake.

"Umefanya nini?"

Nikatoka nje. Nikaenda kwenye ua wa kihamba, nikakata sale, nikalifunga fundo, nikarudi nalo.

Wewe umekua sale ni majani ya mpakani tu kwako, lakini uliwahi kuona babu yako mkubwa alipoletewa na wale waliomfyekea migomba. Aliyekosa akikuletea sale lenye fundo, humkatai. Hata kama amekuua nusu. Ukikataa, ukoo mzima unakushangaa wewe, na yeye anaonekana mwema. Mama yako alilelewa hivyo kuliko hata mimi. Alisimama pale, kidole chake bado kina vumbi, akalipokea kwa mikono miwili.

"Yameisha, Baba Manka," akasema.

Na yakaisha kweli, kwa upande wangu. Nilikula vizuri siku ile. Nikajiona muungwana, nimeomba radhi kwa desturi, watu wangapi wanaofanya hivyo siku hizi. Ilinichukua miaka kuelewa nilichofanya. Alikuwa bado hajasema hata neno moja la hasira. Nilimkimbilia na jani kabla hajafungua kinywa, na baada ya hapo hakuwa na ruhusa tena ya kukifungua. Hakukifungua mpaka anakufa.

Yale magauni sita aliyashona kwa mkono. Yalikuwa mazuri, waliyasifia kanisani. Mwaka uliofuata akaanza kushuka sokoni na ndizi. Nilikuwa namwona asubuhi akijitwika kichwani, na mimi naelekea mjini kutengeneza vyerehani vya wanawake wengine.

Kila Jumamosi aliendelea kuipaka mafuta. Ulikuwa ukimshikia kikopo, utakuwa unakumbuka. Mashine isiyoshona, tone moja kila tundu. Maana mimi nilimwambia kwamba spea ya kweli ikipatikana itashona kama zamani. Sikumwambia kwamba mfereji nimeuharibu, kwamba hata kile kichuma chake mwenyewe kingerudi kutoka Dar kingechezacheza vile vile. Nilisema nitamwambia Pasaka. Pasaka zikapita tano. Alipolazwa, siku ile uliyobaki nje na bibi kwa sababu ulikuwa unalia, aliniambia:

"Usiache kuipaka mafuta. Spea ikipatikana, Manka ataishonea."

"Sawa," nikasema.

Hilo ndilo neno la mwisho la maana alilolisikia kwangu. Siwezi kulibadilisha. Nimejaribu kujiambia kwamba nilimwacha aende na tumaini, na ningekuwa mtu mwingine labda ningeliamini hilo.

Sasa nije kwako.

Ulipomaliza mafunzo ya ushonaji pale parokiani, ukaja ukaondoa kitambaa, ukasema, "Baba, hii tunaifufua," nilitakiwa kukuambia saa ile ile. Nilikuwa na sentensi tayari. Lakini ulikuwa umeshavua viatu na kukaa chini, unapekua chini ya mashine na tochi ya simu, unaniuliza hiki kinaitwaje, hiki kinafanya nini. Tangu mama yako afe hukuwa umeniuliza kitu zaidi ya chumvi iko wapi. Nikasema, tuanze na kutu.

Tukaanza na kutu. Nikakuonyesha jinsi ya kulowesha skrubu iliyoganda kwa mafuta ya taa na kuiacha siku tatu bila kuilazimisha, na wewe na haraka zako ukaikata kichwa siku ya pili. Tulicheka. Nikakufundisha kukata mkanda kwenye ngozi ya ng'ombe badala ya kununua, kupinda springi kutoka kwenye waya wa mwavuli mbovu, kununua sindano fupi na kuishusha kidogo ili ilingane na ile ndefu isiyopatikana. Ulikuwa unashika mambo haraka kuliko mtu yeyote niliyewahi kumfundisha. Kila kitu katika mashine ile kilikuwa na njia ya bei rahisi, isipokuwa kile kichuma. Basi tukaanza kukitafuta.

Mwaka mzima, Manka. Tulipekua mitumba ya soko la Memorial mjini Jumamosi baada ya Jumamosi, mpaka wauza vyuma wakakupa jina la Binti Cherehani. Tulikwenda Bomang'ombe kwa yule mama mwenye stoo ya marehemu mumewe, tukatoka weusi kama wachoma mkaa, na tulichopata ni pasi mbili za mkaa. Tulikwenda Mkuu siku ya soko, mvua ikatukuta, tukajibanza kwa mchoma mahindi, ukaniambia utakavyofungua kibanda chako pale njia panda, utakavyoandika jina la mama yako mlangoni kwa rangi ya bluu. Nikakuuliza kwa nini bluu. Ukasema kwa sababu nyekundu kila mtu anayo.

Nilikuwa najua hakuna tunachotafuta. Nilijua ukikipata hakitasaidia. Lakini naomba ulijue hili hata kama litakuudhi zaidi: ule ulikuwa mwaka wangu mzuri kuliko yote tangu nioe. Nilikuwa naamka nina mtu wa kwenda naye mahali. Nilikuacha utumie mwaka mzima wa ujana wako kutafuta kitu kisicho na faida kwa sababu nilipenda kutembea na wewe. Sijui hilo linaitwaje. Upendo wenye akili usingefanya hivyo.

Niliomba usikipate. Wengine wanapomwombea mtoto afanikiwe, mimi nilikuwa naomba hivyo.

Ukakipata. Nilikuwa na homa, ukaenda Tarakea peke yako, na jioni ukaingia hapa unakimbia, kitambaa mkononi. Ukanisimulia yote hata maji hujanywa. Mzee Kavishe, mwenye meza ya vyuma karibu na soko, alivyokusikiliza mpaka mwisho bila kukukatisha. Alivyokwenda uani akarudi na kopo la maziwa ya unga limejaa vichuma. Alivyokifuta kimoja kwa mkono wa koti, akakuwekea kiganjani akasema, "Hiki ndicho, binti. Hiki ni cha kwake mwenyewe, si ndugu yake." Nilikishika. Nilikijua kabla hata sijakitazama. Uzito ule, ncha ile.

Nikakiweka mahali pake, maana ulikuwa umesimama begani kwangu na hakukuwa na namna. Ukakaa kwenye kiti cha mama yako. Ukatia uzi, ukakanyaga. Ikalia mara tatu, nne, kile kichuma kikagonga kuta za mfereji nilioupanua, sindano ikashuka juu yake, ikakatika. Ukabadilisha sindano. Ikakatika. Ya tatu hukuiweka.

Ukageuka ukanitazama.

"Baba, ni feki?"

Lilikuwa swali la ndiyo au hapana. Ningeweza kusema hapana na mengine yangefuata yenyewe.

"Ni feki," nikasema.

Hukulia. Ulikunja kitambaa chako, ukasema, "Aisee, mimi ni mjinga kweli." Na kesho yake, kabla sijapata la kufanya, ulishapanda gari kurudi Tarakea.

Uliporudi ulinisimulia kwa hasira, na mimi nilisikiliza nikiwa nimeangalia sakafu. Jinsi ulivyomsimamisha yule mzee mbele ya soko zima, hukumpa hata shikamoo, ukamwita tapeli, ukamwambia wazee kama yeye ndio wanaomaliza vijana. Watu wakajaa. Yeye akakichukua kichuma, akakifuta, akakurudishia hela yako yote. Halafu akakuambia kitu ambacho wewe ulikiona ni kiburi:

"Baba yako ni fundi, siyo? Mwambie apime mashine, aache kupima spea."

Ulinirudia maneno hayo ukiigiza sauti yake. Ulitaka nicheke. Yule mzee hajawahi kuniona, lakini kwa kusikia tu sindano zilivyokatika alijua mahali pa kuangalia. Aliweza kukuambia wazi kwamba baba yako ameharibu mashine akamsingizia yeye. Hakukuambia. Alinistahi mbele ya mwanangu, na mimi nilimwacha atukanwe.

Wiki ile ndiyo uliyompigia simu mama mdogo. Ukamwambia ile nafasi ya kupika mgahawani huko Kahama kama bado ipo utakwenda. Wewe ambaye ukipika ugali hata kuku wanaukwepa. Nilikuwa nje, nilikusikia dirishani.

Wiki iliyopita nilikuaga nakwenda Himo kutazama mashine ya mteja. Nilikwenda Tarakea. Nilikuwa na sale mfukoni, nimelifunga fundo kabisa, maana ndiyo njia pekee ninayoijua. Meza ya Mzee Kavishe haikuwepo. Mama anayeuza maharage pale jirani akaniambia ameugua ghafla, wanawe wamekuja wakamvusha upande wa Kenya, na hali yenyewe si ya kurudi. Nikauliza vyuma vyake. Akanionyesha mahali penye majani yaliyolala. Walikuja wanunuzi wa chuma chakavu na mizani yao, wakabeba vyote, kopo la maziwa na vilivyomo, kwa kilo. Vimekwenda kuyeyushwa. Nikapekua yale majani kwa mguu. Yule mama akaniuliza kama namdai. Nikasema hapana.

Kwa hiyo hali ndiyo hiyo, na sitaki uondoke ukidhani kuna mlango niliouacha wazi. Kichuma kile hakipo tena, na hata kingekuwepo hakina mahali pa kukaa. Mfereji nao hauzibiki. Nilimpelekea mchomeleaji mjini, akaugonga kwa kidole, akasema hicho ni chuma cha kusubu, akikigusa kwa moto kitapasuka mpaka mguuni. Nikampelekea mwingine, akasema hivyo hivyo. Mashine ya mama yako haitashona tena, si kwa mkono wangu wala wa mtu yeyote. Usije ukanitumia picha za spea kutoka huko. Nakujua, utaona meza ya vyuma na miguu itakupeleka yenyewe.

Wala sitakudanganya kwamba Kahama itakuwa njema. Inawezekana, sijui. Utapika na hupendi kupika, kwa sababu ya tupa ya mtu mmoja aliyekuwa na haraka. Nimetafuta mchana huu wote kitu cha kukufariji nacho, sijakipata.

Ninachoweza kukupa ni mkasi wa mama yako. Nimeufunga kwa khanga, nimeuweka ndani ya kopo lako la vifungo pamoja na barua hii. Huo sijawahi kuugusa kwa ufundi wangu, ndiyo maana bado unakata. Najua kopo hilo hutalifungua mpaka ufike, na nimelichagua kwa sababu hiyo. Ningekuwa mwanaume ningekuambia haya usoni, wewe umekaa hapo kwenye kiti, uweze kunirushia kitu. Nimeandika badala ya kusema, na hilo nalo liongeze kwenye orodha.

Sale nililorudi nalo kutoka Tarakea liko hapa mezani. Limesinyaa kidogo lakini bado ni la kijani. Nilipoanza barua hii nilikuwa nimepanga kulikunja ndani yake. Ungelikuta pamoja na mkasi, ungejua maana yake, na ungenipigia simu siku hiyo hiyo ukilia, ukisema yameisha baba, kwa sababu ndivyo tulivyokulea. Ningekula vizuri tena.

Nimelifungua fundo. Silitumi.

Kasirika, Manka. Kasirika hata mwaka mzima, hata kumi, na zile hasira ambazo mama yako hakuruhusiwa kuzisema ziseme wewe. Ukitaka kunipigia simu kunitukana nitapokea. Ukinyamaza nitajua. Siku ukisema yameisha, liwe limetoka kwako mwenyewe, na kama siku hiyo haipo basi haipo.

Mvua imekatika. Nasikia mbwa wa jirani, nadhani ni wewe unarudi. Kesho asubuhi nitakubebea begi mpaka stendi. Utapanda, utakaa dirishani, na najua utakachosema maana umekuwa ukikisema wiki nzima. Utasema, "Baba, usiache kuipaka mafuta."

Nami nitajibu, "Sawa." Ukilifungua kopo utajua ilikuwa sawa ile ile niliyompa mama yako.

Baba yako